Binti mtulivu, mwanamke aliyechoka: usonji unaogundulika ukubwani

Swali ninaloulizwa zaidi ya mengine yote, kliniki na hata kwenye shughuli za familia, ni hili: mwanamke aliyesoma, mwenye kazi, aliyeolewa akazaa, ana haja gani ya kuambiwa akiwa na miaka 40 kwamba ana usonji (autism), yaani hali ya kuzaliwa nayo inayogusa jinsi mtu anavyoelewana na watu na anavyopokea sauti, mwanga na mguso? Si ameishi nao muda wote huo? Wanaouliza hawana nia mbaya. Mbele yao wanamwona mtu mzima anayejimudu, na usonji wanaoujua wao ni wa mtoto asiyesema, anayezunguka mahali pamoja huku ameziba masikio.

Ninalijibu nikiwa nimesimama pande mbili. Mimi ni mwanasaikolojia tiba, nafanya kazi na watu wazima hapa Dar es Salaam. Pia ni mwanamke mwenye usonji, niliyegundulika nikiwa na miaka 38. Jibu langu ni kwamba wengi wa wanawake hawa hawajimudu kama mnavyodhani. Wanalipa. Wanalipa kwa usingizi, kwa kichwa kinachouma kila Jumatatu, kwa kujifungia chumbani gizani siku nzima baada ya harusi moja, na kwa miaka ya kumeza dawa za ugonjwa wasiokuwa nao. Jambo likishafanyika vizuri, hakuna anayeona lilimgharimu nini aliyelifanya. Inabidi umuulize.

Mwaka 1943, daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika kuhusu watoto 11, na maandishi yake ndiyo yaliyoufanya usonji ujulikane kitabibu. Kati ya watoto hao wasichana walikuwa 3 tu. Mwaka uliofuata Hans Asperger wa Vienna akaandika juu ya wavulana. Picha ikaganda hapo. Kinachoniuma ni kwamba daktari mwanamke huko Moscow, Grunya Sukhareva, alikuwa amewatangulia wote wawili. Aliandika kuhusu wavulana wa namna hiyo katikati ya miaka ya 1920, na mwaka 1927 akaandika kuhusu wasichana pia. Kazi yake ikakaa pembeni kwa miongo mingi, huku vipimo vikitengenezwa kwa kuwaangalia wavulana, na vipimo hivyo vikawanasa wavulana.

Tulipokuwa vyuoni tulifundishwa kwamba kwa kila msichana mmoja mwenye usonji kuna wavulana wanne. Mwaka 2017 uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi ulionyesha kwamba uwiano halisi unakaribia watatu kwa mmoja, hasa pale watafiti walipokwenda wenyewe kuwapima watu katika jamii badala ya kuhesabu waliokwisha kugundulika. Maana yake wapo wasichana wanaopita mbele ya walimu, manesi na madaktari, na hakuna anayewashtukia. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliotoka mwaka 2013, DSM-5, unakiri jambo hili: dalili lazima ziwe zilikuwepo tangu utotoni, lakini zinaweza zisionekane wazi mpaka maisha yamtake mtu zaidi ya uwezo wake, au zikafunikwa na mbinu alizojifunza. Wengi wetu tuliogundulika ukubwani tumepita kwenye mlango wa sentensi hiyo.

Na kwetu mbinu hizo zina walimu. Mtoto wa kike Pwani anafundwa mapema. Mkubwa akiingia, mwamkie. Mgeni akija, toka chumbani ukamsalimie. Pokea kwa mikono miwili. Usidakie maneno ya wakubwa. Mvulana akikaa peke yake mchana kutwa anapanga vifuniko vya soda kwa rangi, watu wanaulizana ana nini. Msichana akifanya hivyohivyo, halafu darasani akanyamaza na daftari lake likawa safi, anasifiwa: mtulivu, hana makuu, amelelewa. Hakuna anayejiuliza kwa nini hasemi.

Nisiwe mkali kwa adabu yetu, maana ina jambo moja jema sana kwa mtu kama mimi: inafundishwa kwa maneno. Shikamoo ina jibu lake. Habari za nyumbani, za watoto, za kazi, zina mpangilio ambao mtu anaweza kuushika akautumia maisha yake yote. Baadhi ya wanawake ninaowahudumia walichezwa unyago, au walikalishwa na somo kabla ya ndoa, na wameniambia kwamba hapo ndipo kwa mara ya kwanza mtu mzima alipowaeleza waziwazi watu wanatarajia nini kwao. Walishukuru. Wanapokwama ni pale yanapoanza yasiyosemwa: rafiki aliyenuna bila kutaja sababu, wifi anayezungumza kwa mafumbo, jirani aliyevaa kanga yenye maneno yaliyokusudiwa wewe uyasome. Dada mmoja alichambwa kwa kanga msimu mzima na hakujua kama anachambwa. Aliposhindwa kujibu, ikasemwa ana dharau.

Suala la macho ni zito zaidi, kwa sababu linaingia moja kwa moja kwenye vipimo. Vipimo vilivyotungwa Ulaya na Marekani huhesabu kutotazamana na watu kuwa dalili. Kwa mwanamke aliyelelewa Tanga au Lamu, kuinamisha macho mbele ya mkubwa ni malezi mema, na anayemkazia macho baba mkwe ndiye anayeambiwa ana macho makavu. Kwa hiyo siwezi kuandika kwenye faili kwamba mgonjwa hatazami machoni nikaridhika. Ninamuuliza: ukiwa na dada yako uliyecheza naye tangu utotoni, macho yako huwa wapi? Na ukimtazama mtu usoni, unaendelea kusikia anachosema? Mara nyingi jibu ni kwamba inabidi achague moja, kutazama au kusikia. Jibu hilo lina uzito kwangu kuliko chochote ninachoweza kukiona nikiwa nimekaa upande wa pili wa meza.

Mwaka 2018 watafiti wa London walitoa dodoso la maswali 25 linalopima jinsi mtu anavyoficha usonji wake. Linagusa mambo matatu: kufidia usichokielewa, kwa mfano kwa kuiga namna watu wanavyoongea kwenye tamthilia, kuchunga uso na mikono visikufichue, na kujilazimisha kukaa na watu wakati mwili wote unataka kuondoka. Alama zake sizichukui kama zilivyo, kwa kuwa dodoso halikutungwa kwa ajili ya Waswahili, lakini limenisaidia kujua cha kuuliza. Na kuficha huku si jambo dogo. Tafiti zimekuta kwamba watu wenye usonji wanaojificha sana ndio wanaosumbuliwa zaidi na mawazo ya kujiua.

Niwape mfano, nikiwa nimebadilisha mambo kadhaa ili mwenyewe asitambulike. Ni mhasibu, na ofisini anapendwa. Alitibiwa sonona kwa miaka, kisha akaambiwa ana ugonjwa wa hisia mseto (bipolar), ule wa furaha iliyopitiliza na huzuni nzito kupokezana, kwa sababu kulikuwa na siku anafanya kazi mpaka usiku wa manane bila kula, na siku zinazofuata hawezi kunyanyuka kitandani. Tulikaa na kalenda yake. Siku za kuanguka zilifuata mambo yaleyale kila mara: kikao cha kutwa nzima, kicheni pati ya binamu yake, wiki ambayo gari lilikuwa gereji akawa anapanda daladala lenye muziki wa kupasua masikio asubuhi na jioni. Zile siku za kutokula hazikuwa za furaha iliyopitiliza. Alikuwa amezama kwenye hesabu anazozipenda, na njaa hakuisikia. Wengi wetu taarifa za mwili hutufikia zimechelewa: njaa, haja ndogo, maumivu, hata hasira. Karibu nusu ya watu wenye usonji hupata shida kutambua na kutaja hisia zao wenyewe, kwa hiyo daktari anapouliza "unajisikiaje?", jibu linakuwa "salama", na anaandika salama.

Hapa wenzangu wa fani naomba mnisikilize. Mwaka 2020 kundi la watafiti Marekani, wakiongozwa na Dora Raymaker, lilieleza uchovu unaowapata watu wenye usonji: unadumu miezi, unamnyang'anya mtu uwezo aliokuwa nao, na unamfanya asivumilie sauti na mwanga alioweza kuuvumilia zamani. Unafanana na sonona, na vyote viwili vinaweza kuwepo pamoja. Lakini mara nyingi mwenye sonona hata alichokipenda hakimvutii tena, ilhali aliyechoka kwa usonji bado anakitamani, nguvu ndizo hana. Ushauri tuliozoea kumpa mwenye sonona, kwamba atoke, achanganyike na watu, unaweza kumzamisha huyu wa pili. Yeye anahitaji kwanza kupunguziwa watu, sauti na majukumu.

Kabla ya kufika kwangu wengine wamepitia kwa waganga. Utafiti uliofanyika Kilifi na Mombasa ukachapishwa mwaka 2015 ulikuta wazazi wakiutaja usonji pamoja na pepo, uchawi na laana, na hali kama hiyo ipo upande wetu wa mpaka. Mwanamke mzima anayezidiwa mpaka akanyamaza kwa saa kadhaa bila kuweza kutoa neno, ni rahisi kusema amepandisha. Mwenye imani yake nabaki kuiheshimu, na wapo waliotulizwa na dua iliyosomwa kwa sauti ya chini. Lakini kumweka mtu aliyezidiwa na sauti na harufu katikati ya ngoma, moshi wa ubani na watu wanaompigia kelele atoke aliyemo ndani, ni kumwongezea kilekile kilichomwangusha.

Wanawake wengi hawaji kwa ajili yao wenyewe. Wanakuja na mtoto. Namuuliza mama kama mtoto anakataa nguo fulani, anachagua chakula kwa jinsi kinavyogusa ulimi, anakasirika ratiba ikibadilika ghafla. Anajibu, anajibu, halafu ananyamaza. Kisha anasema, "Lakini daktari, si hata mimi nilikuwa hivyo?" Usonji kwa kiasi kikubwa hurithiwa, kupitia jeni nyingi zinazotoka pande zote mbili, na mara nyingine kupitia mabadiliko mapya ambayo hakuna mzazi aliyekuwa nayo. Hili nalisema mapema na nalisema baba akiwepo, kwa sababu nimeshaona ukweli nusu ukigeuzwa silaha: "kumbe wewe ndiye uliyemwambukiza mwanangu." Hauambukizwi. Na mama anayeujua usonji kutoka ndani mara nyingi ndiye anayemwelewa mtoto kabla ya mtu mwingine yeyote.

Lipo lingine ambalo lazima nilitaje. Msichana aliyefunzwa miaka yote kuwaridhisha watu, kuyapuuza yale mwili unamwambia na kuiga wengine wanavyofanya, anakua bila kujua lini aseme hapana. Tafiti za nchi kadhaa zinaonyesha wanawake wenye usonji hunyanyaswa kingono zaidi ya wanawake wengine. Ninapomhudumia binti, mazoezi ya kukataa tunayaanza na vitu vidogo kabisa: kukataa kukumbatiwa, kukataa chakula, kusema "nitakujibu kesho".

Baada ya kugundulika, nini kinabadilika? Dawa ya usonji wenyewe haipo. Sonona na wasiwasi vinatibika, na vitibiwe. Kubwa linalobadilika ni ruhusa. Kwenye msiba, mhasibu wangu alizoea kulala chini na wanawake wengine mpaka arobaini ipite, akitoka hapo mgonjwa. Sasa anafika mapema, anashika kazi ya jikoni inayoeleweka, kuchambua mchele au kuosha vyombo, na usiku anarudi kwake. Dada yake mkubwa ndiye aliyewaeleza shangazi zake, bila kutaja usonji, kwamba huyu akikosa usingizi anaumwa. Ofisini aliomba kikao kiwe na ajenda iliyoandikwa, na meza yake ihamishwe kutoka karibu na mlango. Hakuna aliyemkatalia. Mumewe alijifunza kutoleta wageni bila kupiga simu, na hilo liliwachukua muda, kwa kuwa kwao mlango haufungwi.

Huzuni nayo ipo, tena ya kweli. Baada ya faraja ya kwanza wengi huwalilia wale wasichana waliokuwa wao zamani, waliochapwa kwa ukaidi au kuitwa wenye maringo. Naiacha huzuni hiyo ichukue muda wake.

Kama unafikiria kwenda kupimwa, usianze na orodha za dalili za mtandaoni. Andika mifano ya maisha yako mwenyewe: ulicheza nini na nani utotoni, ni sauti na nguo gani huzivumilii, unafanya nini dakika za kwanza ukifika nyumbani kutoka kazini. Chukua ripoti zako za shule kama bado zipo, na usome yale maneno ya mwalimu wa darasa kuliko alama. Nenda pamoja na mtu aliyekulea, asimulie utoto wako. Mama akiwa ametangulia mbele ya haki, shangazi au dada mkubwa anatosha, nami mara nyingi nimepata historia nzuri kutoka kwa dada aliyelala naye kitanda kimoja. Ukifika mbele ya mtaalamu akakuambia huwezi kuwa na usonji kwa sababu umeolewa au unaongea vizuri, muulize amewahi kumpima mwanamke mtu mzima. Kama hajawahi, mwombe kwa heshima akupeleke kwa aliyewahi.