Majina kwenye jiwe: kwa nini mnara wa vita wa kijijini unalindwa

Katika vijiji vya Uingereza, aghalabu utakuta msalaba wa mawe au nguzo fupi kando ya kanisa au kwenye njia panda, na majina ya waliokufa vitani yamechongwa ubavuni. Kwa ustadi wa ujenzi, mingi ya minara hiyo ni ya kawaida tu. Hata hivyo maelfu yake imo katika orodha ya taifa ya majengo yanayolindwa kisheria, na kati ya 2014 na 2018, katika kumbukumbu ya miaka mia ya Vita Kuu ya Kwanza, taasisi ya Historic England iliongeza humo takriban 2,500. Mimi ni mhifadhi wa mawe ya kale, na watu huniuliza jiwe la kawaida linalindiwa nini.

Linalindwa kwa sababu ya maiti ambazo hazikurudi. Mwaka 1915 ilipigwa marufuku kusafirisha miili ya askari kuirudisha kwao. Wakubwa kwa wadogo walizikwa walikofia, Ufaransa, Ubelgiji, Uturuki, na wengi hawakupatikana kabisa; lango la kumbukumbu la Menin, mjini Ypres, lina majina zaidi ya 54,000 ya wasio na kaburi linalojulikana. Mama aliyefiwa hakuwa na pa kwenda kulia. Mnara wa kijiji ukawa ndiyo kaburi. Tena kwa kawaida haukujengwa na serikali: wanakijiji walichanga wenyewe, wakaunda kamati, wakabishana kama wajenge msalaba, ukumbi au wanunue kengele ya kanisa, kisha wakakusanya majina kutoka kwa jamaa za marehemu.

Kwa hiyo mimi huanza na majina. Natazama yamepangwaje. Yakifuata alfabeti, kamati iliamua kwamba mbele ya kifo hakuna cheo. Yakianza na maofisa, kijiji kilibaki na ngazi zake hata baada ya vita. Jina moja la ukoo likijirudia mara tatu mfululizo, huenda ni ndugu wa nyumba moja. Chini kabisa, kwa herufi za mkono mwingine, huwapo waliokufa katika vita ya 1939 hadi 1945, mara nyingi wachache zaidi.

Na asiyeandikwa naye ana habari yake. Thomas Highgate, wa kijiji cha Shoreham huko Kent, alipigwa risasi na jeshi lake mwenyewe tarehe 8 Septemba 1914 kwa kosa la kutoroka. Mwaka 2000 baraza la kijiji bado lilikataa jina lake lisichongwe. Mwaka 2006 sheria iliwapa msamaha zaidi ya askari 300 waliouawa kwa makosa ya namna hiyo. Sijui kumbukumbu nyingine inayoonyesha wazi hivyo kwamba orodha ya majina ni hukumu ya jamii.

Hapo ndipo kazi ya uhifadhi inapokuwa nyeti. Mawe mengi ni ya chokaa, laini. Ukiyapiga maji ya kasi au mchanga ili yang'ae, unaondoa ngozi ya juu, na herufi zilizokuwa na kina cha milimita chache zinafifia. Ukiziba viungio kwa saruji, maji yanakwama ndani na jiwe linabanduka. Ukiviziba kwa chokaa, maji hupata njia ya kutoka. Mabaka ya kijivu na manjano yaotayo juu ya jiwe huwa nayaacha, isipokuwa yamefunika maandishi. Na kabla hatujagusa chochote, tunapiga picha kwa taa iliyolazwa ubavuni, kwa sababu kivuli hufichua herufi ambazo jua la mchana halizionyeshi.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili linauma zaidi. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa 1927, ina maandishi ya Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu na za Kilatini, na ya Kiingereza. Inawataja wapagazi, waliobeba mizigo ya jeshi katika Vita Kuu ya Kwanza, na inaahidi kwamba wana watayakumbuka majina ya waliokufa. Haina jina hata moja. Wapagazi wa upande wa Uingereza waliokufa, wengi kwa maradhi na njaa, wanakadiriwa kuwa zaidi ya 90,000. Ripoti ya 2021 ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba kati ya watu 116,000 na huenda 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Kanuni ya kwamba wafu wote ni sawa, iliyowaweka jenerali na kuruta chini ya mawe ya aina moja huko Ufaransa, haikuvuka bahari.

Fedha za kuitunza sanamu ile zikipatikana, ningependa sehemu yake iende kwanza kwenye nyaraka na kwa familia, kutafuta majina. Shaba ile inaweza kusubiri kusuguliwa. Wazee wanaokumbuka babu yao alichukuliwa kutoka kijiji gani wanazidi kupungua.