Biodizeli na HVO si kitu kimoja jamani

Wiki hii tena. Kampuni ya nishati imetangaza inageuza kiwanda chake cha kusafisha mafuta kianze kutengeneza HVO, yaani dizeli ya mafuta ya mimea yaliyopigwa haidrojeni, sijamaliza hata kusoma watu washaanza, "aah si ndo ile biodizeli inayoziba filta". Hapana! Mimi hivi vitu navipima maabara kila siku, nimechoka kulirudia hili kwa mdomo.

Malighafi zinafanana, hapo sibishi: mafuta ya kula yaliyotumika, ya wanyama, ya mimea. Tofauti ni unayafanyia nini. Biodizeli unayachanganya na methanoli na kichocheo, unapata esta (ndo biodizeli yenyewe) na gliserini, gliserini unaitoa, basi. Ila ile esta bado ina oksijeni, kama asilimia 11 ya uzito wake, ndo maana inavuta maji, ikikaa sana tangini inachacha, na kiwango cha Ulaya EN 590 kinairuhusu mwisho asilimia 7 kwenye dizeli ya kawaida. HVO ni habari nyingine kabisa, mafuta yanapigwa haidrojeni kwa joto na presha kubwa mpaka oksijeni yote inatoka kama maji na gesi za kaboni, inabaki haidrokaboni tupu (kaboni na haidrojeni basi), halafu minyororo yake inawekewa matawi ili isigande kwenye baridi. Namba ya setani, yaani wepesi wa kuwaka ndani ya injini, inapita 70. Juzi nilitoa chupa mbili kwenye friji, biodizeli ya mafuta ya ng'ombe imeganda kama samli, HVO iliyokaa nayo bega kwa bega inacheza kama maji. Hizo ndo mnaniambia ni kitu kimoja?

Na hapo ndo uwekezaji unaeleweka. Eni, kampuni ya mafuta ya Italia, waligeuza kiwanda chao cha Venice 2014, cha Gela kikafuata 2019, kwa sababu kiwanda cha kusafisha mafuta tayari kina mitambo ya kutoa salfa kwenye dizeli kwa haidrojeni, na mitambo hiyo inaweza kugeuzwa itengeneze HVO. Pesa nyingi inaenda kwenye kusafisha malighafi, maana fosforasi na metali zinaua kichocheo, na kwenye haidrojeni yenyewe, ambayo mara nyingi bado inatoka kwenye gesi asilia. Hilo huwa halikai kwenye matangazo, na linapunguza usafi tunaojisifia.

Kinachoninyima raha zaidi ni hiki. Kipimo cha kaboni-14 kinanionyesha kwamba mafuta yametoka kwenye mmea au mnyama wa juzijuzi na si kisimani, basi, kinaishia hapo. Hakiwezi kuniambia kama yalishakaangiwa kweli au ni mawese mapya yamebandikwa lebo ya "yaliyotumika", na yakishapita kwenye haidrojeni molekuli zinafanana zote. Ripoti ya ubora nasaini bila wasiwasi, dizeli ni nzuri. Ilikotoka nasoma kwenye makaratasi ya muuzaji, kama wewe tu.