Kidole kiko kulia, mbona unasingizia vidonda?

"Daktari, vidonda vyangu vimeamka." Anasema hivyo huku kidole kiko chini ya mbavu za kulia, na mkononi ana mfuko wa omeprazole, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, za duka la dawa. Vidonda vya tumbo kwa kawaida huuma katikati, kwenye chembe cha moyo. Vya duodeni, mwanzo wa utumbo mwembamba, huweza kuuma kulia, nakubali. Lakini hapo kulia kuna ini, kuna mfuko wa nyongo, na juu yake kuna pafu. Mbona vidonda tu ndivyo vinavyosingiziwa?

Kinachoniudhi zaidi ni kile kikaratasi cha damu: "H. pylori, chanya." Huyo ni bakteria anayeweza kuleta vidonda. Kipimo hicho kinatafuta kingamwili, askari ambao mwili huwatengeneza dhidi yake. Kinakuambia umewahi kukutana na bakteria huyo, na huku kwetu watu wazima wengi walikutana naye tangu utotoni. Hakisemi kama bado yupo, wala kama amechimba kidonda. Hata ukitibiwa akafa, kinaweza kubaki chanya kwa miezi, pengine miaka. Basi mtu anarudia kupima, anapewa tena antibayotiki, anapima tena, na maumivu yako palepale. Kujua kama yupo, pima choo au pumzi, ukiwa umeacha omeprazole wiki mbili na antibayotiki wiki nne. Kujua kama kuna kidonda, ni endoskopi, yaani kamera inayoingizwa tumboni kupitia mdomoni.

Sasa nyongo. Maumivu ya mawe ya mfuko wa nyongo huja baada ya kula, hasa vyenye mafuta, na mara nyingi usiku. Yanapanda, yanakaza kwa nusu saa hadi saa kadhaa, yanakimbilia mgongoni chini ya bega la kulia, kisha yanaachia. Mwenye selimundu anaweza kuwa na mawe akiwa bado mtoto. Ultrasaundi huyaona vizuri. Njoo hujala kitu. Ila hapa hata mimi husita, maana watu wengi wana mawe yasiyowasumbua kabisa. Nikiyaona, nitajuaje kuwa ndiyo yanayouma? Nasikiliza maumivu yanavyosimuliwa, nakisia. Na wapo waliotolewa mfuko wa nyongo, maumivu yakabaki.

Maumivu hayo yakija na homa, nawaza jipu la ini la amiba, mfuko wa nyongo uliovimba, au nimonia ya sehemu ya chini ya pafu la kulia, ambayo humfanya mtu ashike tumbo na kusahau kifua. Ngozi ikiwaka upande mmoja tu, huenda ni mkanda wa jeshi ambao vipele vyake bado havijatoka. Homa, macho ya njano na maumivu kwa pamoja: hospitali, leo hii.

Na mjamzito aliyevuka wiki 20 akiumwa hapo, hasa kichwa kikigonga au macho yakiona vimulimuli, apimwe presha na mkojo papo hapo. Huenda anaelekea kifafa cha mimba, na ini limeshaguswa. Asipewe dawa ya maji ya vidonda akaambiwa arudi Jumatatu.