Usaili wa mahojiano: toa jibu linaloandikika

Siku moja kabla ya usaili, wengi hushinda wakipiga pasi suti na kukariri majibu waliyotumiwa kwenye magrupu ya WhatsApp. Suti ipigwe pasi, sawa. Ila kwenye usaili wa mahojiano, hasa ule wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma Tanzania, kila msaili ana karatasi ya alama mbele yake na kalamu mkononi. Ukishatoka, kinachobaki chumbani ni alichokiandika. Kwa hiyo msailiwa anayependeza kwa jopo ni yule anayempa msaili kitu cha kuandika.

Lakini kwanza ufike mbele ya jopo, na vyeti ndivyo vinavyowakwamisha watu wengi mlangoni. Tangazo la kuitwa kwenye usaili hudai vyeti halisi: cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita kwa aliyefika huko, na cha chuo kulingana na sifa za kada, yaani aina ya kazi uliyoomba. Hati ya matokeo haikubaliwi badala ya cheti. Kada zenye bodi za kitaaluma hudaiwa pia usajili na leseni ya kufanyia kazi. Aliyesoma nje ya nchi ahakikishe vyeti vyake vimehakikiwa na mamlaka husika: TCU kwa vyuo vikuu, NACTVET kwa vyuo vya kati na ufundi, au NECTA kwa sekondari. Halafu soma majina yako herufi kwa herufi. Cheti cha kuzaliwa kikisema Yohana na cha kidato cha nne kikisema Johana, hilo si jambo la kumweleza mhakiki kwa mdomo. Unahitaji hati ya kubadili majina iliyosajiliwa kisheria, na hati hiyo haipatikani kwa siku moja. Namba ya usaili inakiliwe mapema kutoka kwenye akaunti yako ya maombi.

Kula kabla ya kutoka nyumbani. Mnaweza kuitwa wote saa moja asubuhi na zamu yako ikafika alasiri, na mtu mwenye njaa hujibu kwa mkato. Viatu vipya usivivalie siku hiyo. Marashi makali yaache. Chumba ni kidogo.

Ukiingia, salimia jopo zima, subiri uambiwe uketi, kisha uliza kama unaruhusiwa kujibu kwa Kiswahili. Ni heri kuuliza mapema kuliko kukwama katikati ya sentensi ya Kiingereza.

Swali la kwanza kwa kawaida ni "jieleze kwa kifupi". Dakika moja na nusu inatosha. Jopo halihitaji ukoo wako wala shule ya msingi. Taja elimu inayohusiana na kazi, kazi au mafunzo ya vitendo uliyofanya, na jukumu moja kwenye tangazo ambalo tayari umewahi kulifanya.

Maswali ya kazi yenyewe ndiyo yenye alama nyingi, na hapa ndipo majibu ya kukariri yanapoumbuka. Tuseme nafasi ni ya mtunza stoo, umeulizwa utapokeaje mzigo. "Mimi ni mwaminifu na mchapakazi" haiandikiki. Sema hivi: nalinganisha hati ya mzigo na LPO (hati ya kuagiza bidhaa) kabla gari halijashushwa, nahesabu na kukagua ubora, tuseme LPO ina maboksi 40 ya karatasi, yaliyofika ni 38, basi naandika 38 na upungufu wa 2, mleta mzigo anasaini hapo hapo, namjulisha msimamizi, ndipo naingiza 38 kwenye leja, yaani daftari la hesabu za stoo. Msaili amepata hatua sita za kuandika. Tena ameona kwamba huwezi kusaini mzigo ambao hukuuona, na hilo ndilo swali lilikuwa linatafuta. Chukua tangazo, yapitie majukumu yote, na kila moja ulifanyie hivyo: hatua kwa mfuatano, tarakimu, na linapoharibika unafanya nini.

Usilolijua, sema hulijui, kisha eleza ungemuuliza nani au ungeangalia waraka gani. Kubahatisha ni hatari kwa sababu swali la pili hujengwa juu ya jibu la kwanza, na ukishadanganya mara moja utalazimika kuendelea. Kunyamaza sekunde tano ukifikiri hakuna ubaya wowote. Nawasihi sana vijana wasiogope ukimya huo.

Ukiambiwa uulize swali, mshahara uache, maana ngazi yake huwa imeandikwa kwenye tangazo. Uliza kuhusu kazi: je, stoo inatumia leja za karatasi au mfumo wa kompyuta? Kisha shukuru, hesabu vyeti vyako mezani kabla hujavifunga kwenye bahasha, na utoke.