Tapeli wa mtandaoni huenda ni mateka
Tukitumiwa ujumbe wa mapenzi au uwekezaji na mtu tusiyemjua, twadhani upande wa pili kuna mwizi aliyeketi kwa starehe zake. Si lazima. Mwaka 2023 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar, na wapatao 100,000 Kambodia, huenda wanashikiliwa na kulazimishwa kutapeli.

Wengi waliitikia tangazo la kazi, tena ni wasomi wanaojua kompyuta na lugha. Wakifika, pasipoti huchukuliwa, kisha huambiwa wana deni. Asiyefikisha lengo hupigwa, au huuzwa kwa genge jingine.

“Lakini alikwenda kwa hiari yake!” Kweli, ila Itifaki ya Palermo ya 2000, mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya usafirishaji haramu wa watu, haihesabu ridhaa iliyopatikana kwa hila.