Walilinganishwa na nani? Swali lililoongoza kazi ya Uta Frith kuhusu usonji

Haupiti muda mrefu kabla hajajitokeza mtu anayedai kupata chanzo cha usonji (autism), hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na uhusiano na watu, kwa watoto, au dawa yake. Kabla ya kuisambaza habari hiyo, uliza: watoto waliochunguzwa walilinganishwa na nani? Uta Frith, mwanasaikolojia wa London, alilishikilia swali hilo kwa miongo kadhaa, na mengi tunayoyafahamu leo yalitokana nalo.

Frith alizaliwa Ujerumani mwaka 1941, akahamia Uingereza na kupata shahada ya uzamivu mwaka 1968. Wakati huo baadhi ya wataalamu, tena wenye majina makubwa, walishikilia kwamba mtoto hupata usonji kwa kukosa mapenzi ya mama. Ushahidi wao ulikuwa masimulizi ya kliniki tu, lakini lawama iliwaelemea wazazi kwa miaka mingi. Walimu wake Frith, Beate Hermelin na Neil O'Connor, walifuata njia nyingine. Walimpa mtoto mwenye usonji kazi ndogo inayopimika, kisha wakampa kazi hiyohiyo mtoto mwingine aliyekaribiana naye kiakili. Wakaona, kwa mfano, kwamba watoto wengine hukumbuka maneno kwa urahisi zaidi yakipangwa katika sentensi kuliko yakitajwa ovyoovyo, ilhali wenye usonji hawakupata nafuu kubwa hivyo kutokana na sentensi.

Jaribio linalojulikana zaidi lilichapishwa mwaka 1985, Frith akiwa pamoja na Simon Baron-Cohen na Alan Leslie. Wanasesere wawili, Sally na Anne, wapo mezani. Sally anaweka gololi katika kikapu chake, anatoka. Huku nyuma Anne anaihamishia kwenye boksi. Sally akirudi, ataitafuta wapi? Watoto 27 wasio na ulemavu walijibu, na 23 wakasema kikapuni. Katika watoto 14 wenye sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji wa akili, 12 walijibu hivyohivyo. Katika 20 wenye usonji, 16 walionyesha mahali gololi ilipo kweli, ambapo Sally hakujua kuwa ipo.

Kundi la Down ndilo lililolipa jaribio hilo uzito. Watoto wenye usonji waliwazidi wale kwa kipimo cha akili na lugha, na wote walikumbuka vizuri gololi ilianzia wapi. Kwa hiyo haikuwezekana kusema kwamba hawakuelewa au walisahau. Ugumu ulikuwa katika kutambua kwamba mwenzako anaweza kuamini jambo lisilo kweli. (Tafadhali usimpime mwanao jikoni kwa mchezo huu ukajitangazia majibu: watoto wengi walio chini ya miaka minne huukosa, bila usonji wowote.) Watoto wanne wenye usonji waliofaulu nao walizua mjadala ambao haujaisha.

Frith hakuishia kwenye mapungufu. Mwaka 1983 yeye na Amitta Shah walikuwa wameonyesha kwamba watoto wenye usonji ni hodari wa kutafuta umbo lililofichwa, mathalani pembetatu ndani ya picha ya kigari cha mtoto mchanga. Wengi wetu tukiona kigari, pembetatu inapotea. Kwa maoni yangu, walimu wangefaidika na tokeo hili kuliko lile la gololi, kwa sababu linaeleza anachokiweza mtoto.

Sasa tazama dai la mwaka 1998 lililohusisha chanjo ya surua na usonji. Lilitokana na watoto 12, bila kundi la kulinganisha nalo, na jarida lililolichapisha lililifuta mwaka 2010. Utafiti wa Denmark uliotolewa mwaka 2019 ulifuatilia watoto zaidi ya 650,000, waliochanjwa na wasiochanjwa. Chanjo haikuongeza usonji.

Nyumbani, usimpime mwanao kwa mtoto wa jirani. Mlinganishe na hatua za umri wake. Akitimiza mwaka mmoja na hageuki akiitwa jina, au mwaka mmoja na nusu na hanyooshi kidole kukuonyesha kitu kilichomvutia, mpeleke akachunguzwe bila kungoja. Omba masikio yapimwe kwanza, kwa sababu mtoto asiyesikia vizuri naye hageuki akiitwa.