Je, wajua kwa nini mashine ya leza, ile inayotibu maumivu ya viungo kwa mwanga, haimwamini hata anayeiendesha?

Siku ya kwanza mama mkubwa alirudishwa nyumbani kwa sababu ya piko. Alikuwa ametoka arusini Lamu, mikono imejaa maua meusi mpaka juu ya kifundo, na kifundo chenyewe ndicho kilichompeleka kliniki huku Malindi. Miaka ya kukaa juu ya mbuzi akikuna nazi za watu imemwachia maumivu yasiyosikia dawa ya kuchua. Mtaalamu wa viungo akaitazama ile mikono, akasema kwa upole, "Mama, urudi piko likififia." Njia nzima ya kurudi aliniuliza swali moja: "Taa gani hiyo inayoogopa piko?"

Taa haiogopi kitu. Waoga ni waliobuni mashine, na woga wao una sababu.

Rangi nyeusi hula mwanga na kuugeuza joto, jambo analolijua kila aliyepita barabarani na buibui jua la saa saba. Leza yenye nguvu ikipita juu ya mchoro mweusi, joto linaweza kurundikana pale pale kwenye mstari wa rangi na kuunguza, wakati lilitakiwa lisambae taratibu ndani ya nyama. Ndiyo sababu watengenezaji huonya kuhusu chale za wino, na mtaalamu mwangalifu hukwepa rangi yoyote nyeusi iliyopakwa ngozini. Hata ngozi yetu wenyewe imo kwenye hesabu hiyo: melanini, rangi ya asili ya ngozi, hunyonya mwanga, kwa hiyo mtu mweusi hupimiwa nguvu kwa uangalifu zaidi, na kichwa cha mashine hupitishwa huku na huku bila kutuama mahali pamoja.

Lakini ngozi ikipata moto hupiga kelele, na mgonjwa huvuta mkono. Kinachowanyima usingizi wabunifu ni jicho.

Balbu ya nyumbani hutawanya mwanga wake pande zote, na jicho hupata chembe tu. Leza huenda njia moja, imebanana. Ikiingia machoni, lenzi ya jicho huikusanya kwenye nukta ndogo mno ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, na makali yake hapo huongezeka mara 100,000 hivi. Leza ndogo nyekundu ya kuonyeshea ubaoni, yenye miliwati 1, hutusamehe kwa sababu kope hufumba zenyewe kwa robo ya sekunde. Leza nyingi za tiba hutumia mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 808, 905 au 980, ambao jicho la binadamu halina habari nao. Kope hazioni kitu, hazifumbi. Retina nayo haina neva za maumivu. Mtu hugundua baadaye, anapoona doa jeusi katikati ya kila anachokitazama.

Ile nukta nyekundu uionayo kwenye ngozi, basi, kwa kawaida siyo tiba. Ni mwanga dhaifu uliowekwa makusudi umwonyeshe mtaalamu mahali ambapo leza yenyewe, isiyoonekana, itatua.

IEC, tume ya kimataifa inayotunga viwango vya vifaa vya umeme, huzipanga leza kwa madaraja kuanzia 1 mpaka 4. Nyingi za tiba ziko daraja la 3B, ambalo mwisho wake ni miliwati 500, au la 4, ambalo huanzia hapo na kupanda bila kikomo. Ya daraja la 4 haihitaji hata kukulenga: mwanga uliogonga kitu na kurudi unaweza kuumiza jicho.

Sasa fikiria nyumba ya kale ya Kiamu. Hutoki mtaani ukajikuta ndani. Unaanza dakani, kwenye kibaraza cha mlangoni, unapinda kona, unatokea kiwandani, yaani ua wa ndani, kisha msana, ukumbi unaoutazama ua huo, na ndani ni kwa wenyewe. Mashine ya leza imejengwa hivyo hivyo. Kwanza kuna ufunguo, ili mfagiaji au mtoto wa mgonjwa asiiwashe. Ikishawaka hukaa tu, haitoi kitu, mpaka ibonyezwe kuwa tayari. Na ikiwa tayari bado hungoja kidogo, ili aliyesahau miwani aivae. Halafu kuna kanyagio lenye kifuniko, mguu usilikanyage kwa bahati mbaya, na ukiinua mguu mwanga unakatika. Kitufe kikubwa chekundu hukata kila kitu. Mlango wa chumba nao unaweza kuunganishwa na waya, mtu akiufungua leza inazima.

Kinga niipendayo kuliko zote niliiona kwa bahati. Mama mkubwa aliporudi, piko limefifia, umeme ukakatika katikati ya tiba. Malindi hilo halimshangazi mtu. Uliporudi, feni ilianza kuzunguka yenyewe, redio ya mapokezi ikaendelea na taarabu. Mashine ilibaki kimya. Ilitaka kuanzishwa upya na mtu, hatua kwa hatua, kwa sababu haiwezi kujua kama wakati wa giza miwani ilivuliwa au mkono ulisogea.

Kwa nini kanyagio na nyaya, na si programu tu ya kompyuta? Jibu lilipatikana kwa gharama kubwa, tena kwenye mashine ya aina nyingine. Therac-25 ilikuwa mashine ya mionzi ya kutibu saratani, iliyotumika Marekani na Kanada. Walioitengeneza waliondoa baadhi ya vizuizi vya umeme vilivyokuwa kwenye mashine zilizotangulia, wakaiachia programu kazi ya kulinda. Kati ya 1985 na 1987 wagonjwa wasiopungua sita walipigwa na mionzi ya kupita kiasi, na baadhi yao walifariki. Tangu hapo, mhandisi wa vifaa vya tiba akisema "programu itazuia", wenzake humwuliza: na programu ikikosea, nani atazuia?

Miwani nayo ina siri yake. Kila miwani ya kinga hukata mwanga wa namba fulani tu za nanomita, na namba hizo zimeandikwa juu yake. Ya nanomita 532 ikivaliwa mbele ya leza ya 980 ni pambo. Miwani ya jua ni mbaya zaidi, maana giza lake hupanua mboni. Linganisha namba za miwani na za kibandiko cha mashine. Ni haki yako kuuliza.

Pete zilikuwa vita ya mwisho. Fedha ya Lamu ikisuguliwa vizuri hung'aa kama kioo, na kioo hurudisha leza popote kitakapo. Mama mkubwa alizivua moja moja, akazifunga kwenye ncha ya leso, akavaa miwani, akanyoosha mkono. Alikuwa ameshaambiwa kwamba nukta nyekundu ni ya kuonyesha njia tu, basi akakaa akingoja. Baada ya dakika kadhaa uvumilivu ukamwishia.

"Na hiyo leza yenyewe mtaiwasha lini?"

"Imeshamaliza, mama."